Hewa ya Mombasa na pikipiki za zamani za motokrosi

Tustroki ya zamani, pikipiki ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, ikipita Makupa asubuhi, huhitaji kugeuka kuijua. Boxer za bodaboda zinanguruma. Hii inalia kwa pua, ting-ting-ting, na nyuma yake inaacha uzi wa moshi wa buluu unaonuka oili iliyoungua. Wanaozipenda hizi za motokrosi, yaani za mbio za matuta na udongo, wapo kuanzia Likoni hadi Mtwapa, na karibu wote huanza na swali lilelile: hii niliyouziwa ni asili au ni nakala? Swali ni zuri, ila kwa hapa pwani si la kwanza. La kwanza ni kama injini inapumua sawasawa. Asili iliyokufa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni pambo la sebuleni. Nakala yenye injini nzima ni pikipiki.

Hata hivyo mapenzi haya yana mizizi yake. Yamaha ilipotoa DT-1 mwaka 1968, cc 246, mtu wa kawaida alipata chombo cha kumpeleka kazini Jumatatu na kurukia matuta Jumapili. Mwaka 1970 Mbelgiji Joël Robert aliipa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 250, akaurudia 1971 na 1972. Mwaka 1973 ubingwa ukamwendea Msweden Håkan Andersson, juu ya Yamaha yenye shokapu moja tu nyuma badala ya mbili. Mwaka huohuo Honda ikaleta CR250M Elsinore, ile ya tanki la fedha lenye mstari wa kijani. Mpaka leo sijaona tanki lililokaa vizuri zaidi juu ya fremu.

Mashine hizo za mbio ni adimu kwetu. Unazoweza kuzikuta nyuma ya nyumba, zimefunikwa turubai, ni binamu zao zenye taa: DT125, DT175, Suzuki TS185. Kwa hiyo "motokrosi ya zamani" unayoonyeshwa Mombasa mara nyingi ni DT iliyovuliwa taa, ikapandishwa madigadi ya mbele, ikapakwa rangi na kubandikwa nambari ya mashindano. Hakuna aibu hapo, mradi muuzaji aseme hivyo na bei iseme hivyo.

Ukiambiwa ni asili, nenda na sumaku. Tanki la CR250M ya 1973 ni la alumini, kwa hiyo sumaku ikinasa, hilo si lake. Binamu yake wa barabarani, MT250, ndiye hugeuzwa kuwa CR. Halafu soma nambari. Yamaha za miaka hiyo, nambari ya injini na ya fremu hufanana. Honda hazifanani, usishtuke. Pitisha kidole juu ya nambari ya fremu. Ukihisi bonde, au ukaona mikwaruzo ya faili chini ya rangi mpya, ondoka. Nambari iliyochongwa upya si suala la nakala tena, ni suala la polisi.

Kosa moja la nakala huonekana kwa mbali: shokapu ndefu. Pikipiki za mwanzoni mwa miaka ya 70 zilikuwa na mwendo wa kama sentimita 18 mbele na 10 nyuma tu. Kufikia mwisho wa muongo ule mbio zilikuwa zinakaribia 30. Mtu anachukua fremu ya zamani na kuifunga shokapu ndefu ili ionekane kali. Mkia unapanda, uma wa mbele unasimama wima zaidi, usukani unaanza kutikisika kwenye mchanga, na cheni inasugua mkono wa nyuma hadi inaukata. Pima kutoka tundu hadi tundu la shokapu za asili, na usiongeze zaidi ya sentimita moja au mbili.

Sasa hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mombasa iko baharini penyewe. Hata ukihesabu joto letu, hewa ya huku ni nzito kuliko ya kule kwa kati ya asilimia 15 na 20. Pikipiki iliyorekebishwa kule kwa jeti ndogo, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, ikishushwa huku kwa lori na kuwashwa vilevile, inavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Haikupi onyo. Kinyume chake, inavuta vizuri, mlio wake ni mkali, mwenyewe anafurahi. Kisha kwenye kipande kirefu, gesi imefunguliwa yote, pistoni inavimba kuliko silinda kwa sababu alumini hutanuka zaidi ya chuma, na gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Ukifungua, utakuta mistari ya alumini iliyoyeyuka upande wa ekzosi. Fundi atalaumu oili, kumbe ni jeti.

Dawa ni rahisi. Soma nambari ya jeti kuu iliyomo kwenye kabureta ya Mikuni. Kama ilikuwa 130 Nairobi, anza na 145 hapa, ushuke 140, kisha 135 ikihitajika. Anza daima na kubwa. Jeti kubwa huchafua plagi tu, jeti ndogo huua pistoni. Weka plagi mpya, kwa DT175 ni B8ES, pasha injini moto, fungua gesi yote kwenye gia ya nne kwa mita 300 mahali salama, kisha zima na ubane klachi kwa pamoja. Usiiache ikanguruma bure, itakupotezea alama. Fungua plagi utazame kaure kule ndani kwenye shina lake. Rangi ya chai ya maziwa, umefika. Nyeupe, rudi jeti kubwa. Nyeusi na mbichi, punguza.

Lakini jeti haina maana kama hewa inaingia kwa mlango mwingine. Injini ya tustroki inapumua kwa tumbo lake, pale krenki inapozunguka, na pikipiki iliyokaa miaka ishirini ina sili, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji kwenye krenki, zilizokauka kama kwato. Kuna kipimo ambacho kila mwenye DT angefanya kabla ya kununua rangi, na chombo chake kipo duka la dawa: kile kipimapresha cha mkono chenye mpira wa kufinya na saa.

Vua kabureta na bomba la ekzosi. Kata kipande cha tyubu nene, kifunike kwenye tundu la ekzosi, juu yake weka bamba la chuma, bana. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo cha plastiki kilichotobolewa, kikiwa na mpira mwembamba, kaza kwa klipu. Ule mpira wa oili unaotoka kwenye pampu ya Autolube, ile ya Yamaha inayotia oili kwenye injini, nao uzibe. Plagi ibaki imefungwa. Shusha pistoni hadi chini kabisa, njia zote ziwe wazi. Unganisha kipimapresha na upige hadi 250, usivuke 300. Ikipoteza pungufu ya 50 kwa dakika moja, injini ni nzima. Ikiporomoka, chukua brashi na povu la sabuni ya kufulia: paka gasketi ya chini ya silinda, mpira wa kabureta, na nyuma ya flaiwili upande wa kushoto. Mapovu yatakuonyesha. Sili ya kulia imefichwa nyuma ya klachi, hivyo usihangaike kufungua. Chovya mpira wa pumzi wa gia ndani ya glasi ya maji. Ukitoa mapovu, sili hiyo imekwenda.

Dalili zake nazo ni tofauti. Sili ya kushoto ikivuja, ukiachia gesi injini inabaki juu, haitaki kushuka. Ya kulia ikivuja, inanyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe mzito, na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana sakafuni. Sili mpya hazihitaji kuagizwa mbali. Vipimo vimeandikwa usoni pake, mfano 25x40x8: upana wa ndani, wa nje, na unene. Beringi za krenki vilevile zina nambari ubavuni. Ila sisitiza iwe na alama ya C3, kwa maana beringi ya kawaida ikipata moto inabana.

Silinda ikiwa imechubuka, itachongwa. Pistoni za saizi kubwa zaidi hupanda kwa milimita 0.25: 0.25, 0.50, na kuendelea hadi 1.00. Mpe fundi wa leithi pistoni yenyewe mkononi apime nayo, nafasi iwe 0.04 hadi 0.05 ya milimita. Jambo linalosahauliwa na waliozoea injini za magari ni kingo za matundu. Silinda ya gari haina matundu ubavuni. Yetu inayo, na kisu cha leithi huziacha kingo kali kama wembe. Ringi inajitokeza kidogo, inanasa, inavunjika ndani ya saa ya kwanza. Kila ukingo ulainishwe kwa jiwe dogo, nusu milimita hivi. Na mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi, la sivyo midomo ya ringi itapita juu ya tundu na matokeo ni yaleyale.

Oili ya kuchanganya inahitaji neno lake hapa pwani, kwa sababu ya boti. Oili ya mashine za boti imejaa madukani, imeandikwa TC-W3, na bei yake inavutia. Hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. DT inapozwa na upepo, moto wake ni mkubwa zaidi, na oili hiyo haiilindi pistoni ipasavyo. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD. Kwa lita 5 za petroli, oili ya siku hizi mililita 155 zinatosha, yaani moja kwa 32. Wengine huongeza oili wakiamini wanailinda injini. Wanasahau kwamba jeti inapitisha kiasi kilekile, na oili ikizidi, petroli imepungua. Wameirudisha kwenye ukavu uleule wa jeti ndogo.

Kwa sehemu za mwili, pwani tumebarikiwa. Mafundi wa boti za faiba wanaweza kutoa madigadi, vifuniko vya ubavuni na sehemu ya kiti kutoka kwenye kielelezo kimoja, tabaka mbili au tatu. Tanki la petroli usiwape. Resini ya kawaida ya poliesta hulainika petroli ikiwa na ethanoli, na vipande vyake huishia kwenye kabureta. Tanki la chuma lenye kutu husafika: gramu 50 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji ya moto, lijae hadi mdomoni, siku nzima, suuza kwa maji yenye magadi soda, kausha juani papo hapo, kisha lisukesuke na petroli yenye oili kabla kutu ya rangi ya chungwa haijarudi. Hurudi ndani ya saa moja.

Kuosha ndiko kunakoua spoki. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi. Ukiyapiga kwenye pikipiki umeipaka bahari. Tumia maji matamu, hata ndoo moja tu na kitambaa, kisha paka grisi nyembamba kwenye vichwa vya spoki vinapoingia rimu, kwani kutu huanzia pale na spoki hukatikia pale.

Na kusi ikianza kuvuma, kama huiendeshi kwa miezi kadhaa, mwaga petroli yote ya kabureta, toa plagi, tia mililita 10 za oili tunduni, piga kiki taratibu mara tano, rudisha plagi. Ziba mdomo wa ekzosi kwa tambara lenye oili, na jingine jekundu lifunge kwenye kiki, asije mtu akaiwasha na lile la kwanza bado limo ndani ya bomba.