Siku yangu moja na madaktari wanaosomea moyo, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nampigia muuguzi wa zamu ya usiku. Bibi wa Chamwino aliyeingia jana akihema amekojoa vizuri baada ya dawa ya kupunguza maji, na amelala chali bila kubanwa. Siku imeanza vyema.

Saa 1:30 asubuhi. Ripoti. Wapo madaktari wanaosomea ubingwa, wapo watarajali, na wapo wauguzi, ambao huwa naomba waanze kuzungumza, kwa kuwa wao ndio waliokesha na mgonjwa. Njia ya vijana hawa ni ndefu: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha umahiri wa magonjwa ya ndani, na hapo ndipo ubobezi wa moyo unaanza. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015, matibabu mengi ambayo wagonjwa walikuwa wakiyafuata India yanafanyika nchini, na daktari anaweza kubobea akiwa hapa hapa. Nalifurahia sana hilo. Vitabu vingi tunavyosomea vimejaa wazee wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Nao tunao, na wanaongezeka, lakini wodini kwangu nakutana pia na mama aliyejifungua juzi moyo ukachoka, na binti ambaye mlango wa moyo umekakamaa kabla hajafika miaka 20.

Saa 3. Binti wa namna hiyo yupo kitanda cha dirishani. Ametoka Bahi na bibi yake. Akibeba ndoo ya maji pumzi inakata, na kwa muda mrefu ametibiwa pumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto mtamponya?"

Namwambia ukweli: tutamsaidia, lakini dawa atakuwa nazo kwa miaka.

Daktari mwanafunzi tayari ana hamu ya kumpeleka kwenye eko, kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Namzuia. Namwomba binti alalie ubavu wa kushoto, naye mwanafunzi aweke upande mdogo wa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, aguse kidogo tu, asikandamize. Asikilize. Wodi nzima tunanyamaza. Sauti ya kwanza ya moyo ni kali, halafu baada ya ya pili kuna mngurumo wa chini sana, ambao hutausikia ukisikiliza kwa haraka. Dakika zinapita. Mara uso wake unabadilika: ameusikia. Namtaka aufuatishe kwa kugonga kidole mezani, ili nijue kweli ameusikia na si kwamba ananiridhisha.

Wapo wanaosema huku ni kupoteza muda, mashine zipo. Sikubaliani nao. Huyu akimaliza anaweza kupangiwa kazi mahali ambapo mashine ya eko imeharibika, au haijawahi kufika. Masikio yake atakwenda nayo.

Saa 5. Sasa eko. Kipande cha mbele cha vali ya mitrali, mlango wa moyo wa upande wa kushoto, kimepinda kama goti, ncha zimegandana. Tundu ambalo kwa mtu mzima lina sentimita za mraba 4 hadi 6, kwake halifiki 1.5. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni yaliyoleta homa ya rumatiki, ambayo huharibu milango ya moyo. Namkabidhi mwanafunzi probu, kifaa cha eko kinachowekwa kifuani, apime mwenyewe. Akikosea pembe ninausogeza mkono wake, simnyang'anyi.

Swali ninalosubiri analiuliza bila kukumbushwa: binti ameolewa? Anatarajia kuolewa. Mimba huongeza damu mwilini, na mlango mwembamba hauipitishi. Kwa hiyo tunapanga rufaa ya kutanua vali kwa puto kabla ya harusi, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, na mazungumzo ya uzazi wa mpango, bibi akiwepo kwa ridhaa ya binti mwenyewe.

Saa 8. Ugali na mlenda, haraka.

Saa 9 alasiri. Picha ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaingia kwenye simu kutoka Manyoni. Mzee, kifua kinambana tangu asubuhi. Aliyeituma alikuwa mtarajali kwetu. Ameshampa aspirini, na maelezo yake yamepangika: maumivu yalianza saa ngapi, presha, historia ya kutokwa damu. Ninamwachia mmoja wa wanafunzi ajibu, nikiwa nasoma juu ya bega lake. Tunakubaliana kuhusu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na gari la wagonjwa linaandaliwa. Ningekuwa na uwezo, kila hospitali ya wilaya ingekuwa na mtu mmoja wa namna hii. Kwa mgonjwa wa Manyoni ana thamani kuliko bingwa wa tatu hapa mjini.

Saa 12 jioni. Mzee amefika, maumivu yamepungua. Nakabidhi zamu.

Saa 3 usiku. Mwanafunzi wangu anatuma picha za eko za binti wa Bahi, kesho atawasilisha yeye. Zimepangwa vizuri. Ninamjibu slaidi ya kwanza iwe ile sauti aliyoisikia, picha zifuate.