Nilidhani kakosea

Leo nimeumbuka, tena kwa raha.

Baada ya Alasiri nilikuwa barazani na maalim wangu wa chuo cha Kurani, simu inasoma Sura Yusuf kwa sauti ya msomaji wa Moroko. Mimi nimekulia kwenye kisomo cha Hafsi, mojawapo ya njia zinazokubalika za kuisoma Kurani, kama wengi wetu hapa Unguja.

Aya ya 23. Mke wa Mheshimiwa, yule mkubwa wa Misri, keshafunga milango, anamwita Yusuf: "haita laka", yaani njoo.

Msomaji akasema "hiita laka".

Nikadakia: "Maalim, kakosea huyo!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Hajakosea, mwanangu. Hicho ni kisomo cha Warshi, alichokipokea kwa Nafi wa Madina. Ukimsikiliza anayesoma kwa kisomo cha Ibn Kathir wa Makka, utasikia haitu laka."

Kisha akayatamka yote matatu, polepole. Haita. Hiita. Haitu. Kidole kikigonga goti kila irabu ilipogeuka.

Kidole kile ndicho nilichorudi nacho nyumbani.

Neno lenyewe limo mara moja tu katika Kurani nzima. Al-Kisai, bingwa wa nahau wa mji wa Kufa, Iraki, alisema ni lugha ya watu wa Hauran, kule Shamu, iliyoingia Hijazi, upande wa Makka na Madina. Na mimi miaka yote nalipita tu kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria!

Haya, mliosoma chuoni: nani mwingine amewahi kumsahihisha msomaji, kumbe mwenye kosa ni yeye aliyesahihisha? Semeni, nisiaibike peke yangu 😅