Masanduku Matatu ya Upanga

Mzee wa mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, alikuwa anaacha kuunganisha modeli za plastiki kwa sababu ya macho, na alitaka masanduku yaliyobaki kabatini yaende kwa mtu atakayeyatumia. Mpwa wangu, aliyekuwa amekwishaunganisha ndege ndogo ndogo za plastiki, alitaka kifaru cha kisasa, kikubwa, cha kukaa sebuleni kwao Tabata. Akaniomba nimsindikize. Baada ya shikamoo na chai ya tangawizi, mzee akapanga masanduku matatu kwenye meza ya kioo: Abrams M1A2 ya zamani, kifaru cha Marekani, na vifaru viwili vya Ujerumani: Leopard 2A6 iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani, na Leopard 2A7 mpya kutoka China. Yote ya skeli ya 1/35, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya thelathini na tano ya kifaru halisi.

"Mjomba, tuchukue hii," kijana akaninong'oneza, kidole kikiwa juu ya Abrams. Picha ya sandukuni ilikuwa nzuri kweli: kifaru kinapasua vumbi jangwani, moto unatoka kwenye mtutu. Nikamwambia picha ni kazi ya mchoraji, plastiki ni kazi ya fundi wa moldi, ile kalibu inayotoa vipande, na sisi tumekuja kununua plastiki. Mzee akacheka, akafungua mifuniko yote mitatu.

Kwanza tuliongea ukubwa, maana watu wengi hununua kisha wakakosa pa kuweka. Leopard 2A6 halisi, mtutu ukiwa umeelekea mbele, ina urefu wa mita 10.97. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 31 na ushee. Upana wake unakuwa kama sentimita 10.7. Kabati la sebuleni lenye kina cha sentimita 30 halitafunga mlango kama kifaru kimetazama mbele, kwa hiyo kitakaa ubavu. Kwa 1/72 urefu ungekuwa kama sentimita 15 tu, kinaenea hata juu ya runinga, lakini vishikio vya mifuniko vinakuwa vyembamba kama sindano na kijana mwenye mikono mizito atavivunja kabla hajavikata. Skeli ya 1/35 yenyewe haikutoka kwenye hesabu za jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa kifaru cha Panther chenye mota, na bodi ikapewa ukubwa wa kubeba betri na gia. Walipokipima baadaye, kikawa takriban 1/35. Kampuni nyingine zikafuata, na ndiyo maana leo vifaru vingi, askari wao na mapipa yao ya mafuta vinapatikana kwa skeli hiyo.

Tukaanza na Abrams. Ndani ya mfuko mmoja kulikuwa na minyororo ya kutembelea kifaru, ya vinyl nyeusi, plastiki laini, imelala moja kwa moja juu ya fremu ya magurudumu, kile kiunzi kinachoshika vipande kabla hujavikata. Nilipoinyanyua, ilinata. Chini yake magurudumu manne yalikuwa yameliwa: ukingo umelainika, umeacha alama za meno ya mnyororo, na plastiki pale inang'aa kama imepakwa mafuta. Hilo ni jambo la kemia. Vinyl hulainishwa kwa kemikali maalumu, na kemikali hiyo huhama polepole kuingia kwenye plastiki ngumu inayoigusa na kuiyeyusha. Joto la Dar, hasa kabatini juu, linaharakisha. Gurudumu lililoliwa hivyo halirekebishiki kwa pati, kwa sababu uduara wake umeshapotea, na ukilifunga kifaru kitakaa upande. Abrams ina jozi saba za magurudumu kila upande, yaani vipande 28 kwa jumla. Manne yakiharibika, yanayobaki hayatoshi kujaza pande zote mbili, na sandukuni hakuna ya akiba.

Nikageuza bodi ya chini. Sakafuni palikuwa na matundu mawili ya mstatili na moja la duara: nafasi za betri na swichi, mabaki ya enzi ambayo modeli hizi zilitembea kwa mota. Kwa ndani, karibu na matundu, palichongwa mwaka wa moldi, nao ulikuwa wa muongo wa 1980. M1A2 yenyewe ilianza kutengenezwa miaka ya 1990. Maana yake kampuni ilichukua moldi ya zamani, ikaongeza fremu moja ndogo yenye darubini ya kamanda, ile inayokaa upande wa kushoto wa paa mbele ya mfuniko wa askari anayepakia risasi za mzinga, ikachapisha sanduku jipya. Biashara hiyo ni ya kawaida sana, na wala si wizi. Lakini mnunuzi anapaswa kujua kuwa sanduku jipya si moldi mpya. Mwaka uliochongwa kwenye plastiki ndio wa kuuangalia.

Kijana akauliza kama hali ya plastiki ndani ya mifuko mingine ni nzuri. Hapo nikamwonyesha kasoro kwa vidole, maana kuzisoma tu hakutoshi. Ukingo mwembamba kama ngozi ya kitunguu uliozunguka vipande hutokea moldi ikichakaa, pande zake mbili zisibane vizuri. Huo unatoka kwa kisu, unachosha tu. Kibonyeo juu ya sehemu nene hutokea kwa sababu plastiki nene hupoa mwishoni na kujivuta ndani. Hicho kinataka pati na msasa wa namba 400, kisha 600, kisha 1000. Alama za mviringo zilizoachwa na pini za kusukumia kipande nje hazina neno zikiwa ndani ya bodi, ila zikiwa chini ya mfuniko utakaouacha wazi, kila mtu ataziona. Kipande ambacho plastiki haikufika mwisho, kimekatika njiani kama kucha iliyong'oka, hicho hakina dawa.

Mtihani mkubwa ni wa bodi ya chini. Meza ya mzee ilikuwa ya kioo, bahati nzuri, kwa sababu kioo hakina mwinuko. Niliilaza kila bodi juu yake na kupitisha karatasi chini ya kila kona. Bodi ya Abrams iliachia karatasi kona ya nyuma kulia: imejipinda. Bodi iliyojipinda kidogo inaweza kunyooshwa ndani ya maji ya moto yasiyochemka, ukaishikilia ikiwa bapa mpaka ipoe, lakini na magurudumu yale mabovu kazi hiyo haikuwa na faida. Usipoinyoosha, gurudumu moja au mawili yataelea hewani, na jicho la mtu linaona hilo haraka kuliko kosa lolote la rangi. Bodi za Leopard zote mbili zilibana karatasi kila kona.

Sasa ikawa Leopard kwa Leopard, na hapa uchaguzi ulikuwa mgumu kidogo.

Ile ya 2A7 ilikuwa modeli bora kwa kila kipimo cha ufundi. Uso wa paa ulikuwa na vipele vidogo vya kuzuia askari wasiteleze, vilivyochongwa kwenye moldi yenyewe. Seti nyingi za zamani zina paa laini kama sahani na ni juu yako kuongeza. Mtutu ulikuwa kipande kimoja kizima chenye tundu mdomoni. Kulikuwa na kibao cha vipande vya shaba nyembamba kwa ajili ya wavu wa injini. Lakini minyororo yake ilikuwa ya pingili moja moja. Leopard 2 ina pingili 82 kila upande, jumla 164, na kila pingili ya seti ile ilihitaji vipande vinne. Ni vipande 656 vya kukata, kusafisha na kuunganisha kabla hujagusa kitu kingine, na gundi ikizidi tone moja pingili zinagoma kukunjika. Shaba nayo haishiki kwa gundi ya plastiki, inataka supaglu na ncha ya sindano. Kwa mtu aliyezoea ni starehe kabisa. Kwa anayeanza vifaru, hapo ndipo masanduku mengi yanapofia, yakarudi kabatini nusu nusu.

2A6 ilikuwa na minyororo ya mkanda, kipande kimoja kila upande, na mzee alikuwa ameitoa mapema na kuiweka kwenye mfuko wake peke yake. Magurudumu yote yalikuwa mazima. Lawama kubwa ya mkanda ni kwamba haulegei. Mnyororo halisi ni mzito, unabonyea kati ya rola moja na nyingine, vile vigurudumu vya juu vinavyoubeba, wakati mkanda unanyooka kama mpira uliovutwa. Lakini angalia Leopard ya kisasa: sehemu yote ya juu ya mnyororo inafunikwa na mabamba ya ubavuni. Kinachoonekana ni sproketi ya nyuma, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, gurudumu la mbele na sehemu inayogusa ardhi. Ubaya wa mkanda umefichwa. Kama tungekuwa tunachagua Type 59 ya Kichina, aina ambayo jeshi letu limeitumia, ningeshauri kinyume, kwa kuwa ile haina rola za juu wala mabamba; mnyororo unalala wazi juu ya magurudumu na mkanda mgumu unaiharibu sura yake yote.

Nilichopima zaidi ni mtutu. Tofauti inayotambulisha 2A6 ni mzinga wa milimita 120 wenye urefu wa mara 55 ya kipenyo chake, wakati 2A5, toleo lililotangulia, ilikuwa na wa mara 44. Mara 11 zilizoongezeka ni mita 1.32, ambazo kwa 1/35 ni karibu milimita 38. Hiyo si tofauti ya kuficha. Nikaweka rula juu ya mtutu uliokuwa sandukuni na kulinganisha na mchoro wa kipimo kamili kwenye karatasi ya maelekezo, ukakubali. Kisha kichwa, sehemu ya juu inayozunguka na mzinga: uso wa mbele uwe na ngao ya umbo la kabari, iliyochongoka, si ukuta wima kama wa 2A4, na darubini ya mpiga mzinga iwe imepandishwa juu ya paa. Virusha moshi vya Ujerumani ni vinane kila upande. Uholanzi, iliyotumia 2A6 pia, ilivipanga kwa namna nyingine. Ukichanganya stika za nchi moja na vifaa vya nyingine, mtu anayejua ataona.

Stika zenyewe zilikuwa na rangi ya chai hafifu pembezoni. Mzee akaleta bakuli la maji ya uvuguvugu. Tulikata alama moja tusiyoihitaji, tukaiacha ilowane. Ikateleza kutoka kwenye karatasi bila kukatika. Ingevunjika vipande, tungepuliza vanishi ya kung'aa juu ya karatasi nzima, tukaiacha ikauke, kisha kukata kila alama karibu kabisa na mstari wake. Umanjano unapungua ukiibandika karatasi dirishani ndani ya mfuko safi na kuachia jua lifanye kazi kwa siku kadhaa. Jua la Dar kwa hili ni rafiki.

"Na rangi je, zimo?" kijana akauliza. Hazimo, wala gundi haimo, na hilo lizingatiwe kwenye bei. Rangi zenye tina na gundi ni mzigo unaoshika moto, kwa hiyo wakala wa ndege mara nyingi atazikataa. Leopard ya Ujerumani inataka rangi tatu: kijani RAL 6031, kahawia RAL 8027 na nyeusi RAL 9021. Namba za RAL ni za viwanda, hivyo duka la rangi lenye mashine ya kuchanganyia linaweza kukutengenezea kiasi kidogo ukitaja namba. Tahadhari ni kwa spre za magari zinazouzwa mtaa wa Gerezani. Tina yake ni kali, ukiipuliza nyingi kwa mkupuo juu ya plastiki tupu uso unapasuka nyufa nyufa. Anza na praima ya plastiki, kisha tabaka jepesi kutoka sentimita 25 hivi, subiri, rudia. Na masika usipulize vanishi mvua ikiwa hewani: unyevu unaganda ndani ya tabaka na kifaru kinakuwa na ukungu mweupe.

Tukakubaliana kuchukua 2A6. Mzee alitaka laki na nusu, mpwa wangu akamsihi kwa heshima, wakafika laki moja na ishirini. Kisha nikauliza bei ya ile Abrams mbovu. Kijana akanishangaa. Mzee aliitoa kwa elfu kumi, kwa sababu plastiki yake bado ilikuwa plastiki, na mabamba ya ubavuni yalikuwa bapa, makubwa, yasiyo na kasoro. Juu ya hayo ndipo atakapojaribia spre ya Gerezani: bamba moja na praima, jingine bila, na la tatu tabaka nene kwa makusudi ili aone nyufa zinavyoanza. Nilimwambia aoshe kwanza fremu za seti zote mbili kwa maji na sabuni ya vyombo, azisuuze, azianike kivulini, kwa kuwa mafuta ya moldi yakibaki rangi inabanduka na ukucha. Mzee akaongezea lake: mkanda usirudi kwenye mfuko wa magurudumu hata kwa usiku mmoja.