Picha umetuma, na kwako umeshapaelekeza

Siku hizi huwezi kuchapisha kitu mjini bila kuambiwa hii: "Kaka nitumie kama dokyumenti, ile ya kawaida inaharibika." Fundi mabango anasema hivyo, wa kadi za harusi anasema hivyo, na dalali wa nyumba naye anataka picha za sebule zije kama dokyumenti maana ukizituma kawaida WhatsApp inazibana mpaka huoni tofauti ya vigae na sakafu ya simenti. Na wala hawakosei, kwa upande wa ubora wako sahihi kabisa. Ila kuna kitu kinapita humo humo ambacho watu wengi ninaoongea nao hawakijui, kwamba picha ikienda kama dokyumenti inaenda faili lote kama lilivyo kwenye simu, pamoja na sehemu uliyokuwa umesimama ulipoipiga, saa, tarehe na aina ya simu.

Nieleze kidogo maana wengine watasema nawatisha. Kila picha ya simu ina maandishi ndani ya faili ambayo huyaoni ukiiangalia. Yanaitwa EXIF, mfumo wa Wajapani wa mwaka 1995, kipindi hicho kamera za dijitali ndo zinaanza, na lengo wala halikuwa baya, mpiga picha alitaka baadae ajue alitumia lenzi gani na aliingiza mwanga kiasi gani. Tatizo ni kwamba mfumo huo una nafasi ya GPS pia, na simu zilivyokuja na GPS ndani yake nafasi ile ikaanza kujazwa yenyewe bila mtu kuombwa kila mara, unaulizwa mara moja tu siku ya kwanza unapofungua kamera na wewe una haraka ya kujipiga selfi na simu mpya, unabonyeza ruhusu, imeisha hiyo. Kuanzia hapo kila picha inaandikwa latitudo, longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na simu nyingine zinaandika mpaka kamera ilikuwa inaangalia upande gani.

Afu kuna wanaosema "mimi huwa nazima data kwa hiyo haiwezi kujua nilipo". Hapana bana. GPS haili bando. Simu inasikiliza setilaiti tu, intaneti inaisaidia kupata haraka lakini hata bila vocha itapata.

Sasa kuhusu usahihi, na hapa ndo watu huwa wanashtuka. Kwa huku kwetu karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, ukiigawa kwenye dakika unapata kama kilomita 1.85, ukiigawa tena kwenye sekunde ni mita 31 hivi, na simu inaandika mpaka vipande vya sekunde. GPS ya simu yenyewe ukiwa nje penye uwazi inakosea kama mita 5. Mita 5 ni geti lako, sio la jirani. Na fikiria mitaa yetu ilivyo, mgeni akija anaelekezwa kwa duka la fulani, kata kulia kwenye mwembe, ukifika piga simu nije nikupokee, yaani huko uswahilini kupotea ndo ilikuwa ulinzi wenyewe, maana hata hivi vibao vya anwani za makazi vimekuja juzi tu 2022. Mtu mwenye namba mbili kutoka kwenye picha yako hahitaji mwembe wala kuuliza mtu, anabandika kwenye ramani anafika mlangoni na mtaa mzima haujui kama kuna mtu kaulizia.

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha John McAfee, yule mzee wa programu za kuua virusi vya kompyuta, kampuni aliianzisha 1987 na jina lake likaingia kwenye kompyuta za dunia nzima. Novemba 2012 alikuwa anaishi Belize huko Amerika ya Kati, jirani yake akakutwa ameuawa kwa risasi, polisi wakataka kumhoji McAfee, yeye akasema hao polisi watamuua, akakimbia. Wiki kadhaa yuko mafichoni, huku anaandika mtandaoni jinsi anavyowakwepa, anajibadilisha sura, dunia nzima inamfuatilia kama tamthilia. Waandishi wa jarida la Vice wakawa naye kwenye huko kukimbia, na tarehe 3 Desemba wakaweka mtandaoni picha ya mmoja wao amesimama na McAfee, na kichwa cha habari cha kujigamba kwamba sisi tuko naye saa hizi. Picha imepigwa na iPhone 4S. Watu wakaipakua, wakafungua EXIF, na namba zilikuwa mule mule: Guatemala, kule Río Dulce, mpaka eneo lenyewe lenye bwawa la kuogelea. McAfee kwanza akajitetea kwamba zile namba kazichezea makusudi kuwapoteza watu, baadae akakubali kwamba kweli yuko Guatemala, na tarehe 5 akakamatwa kwa kuingia nchini bila kibali.

Ninachokipenda kwenye hiki kisa sio ile kejeli kwamba bwana wa usalama wa kompyuta kanaswa na simu, hiyo kila mtu anaisema. Ni kwamba simu haikuwa yake! Yeye angeweza kuzima kila kitu kwenye simu yake na bado asingepona, kwa sababu aliyepiga picha ni mwingine na aliyeiweka mtandaoni ni mwingine, wote wana nia nzuri naye tu. Kwa hiyo ukizima kwako halafu kwenye kipaimara cha mtoto wageni wote wana simu zao, ndo hivyo tena.

Mwaka huo huo Marekani kuna kijana wa Texas alikuwa anavamia mifumo ya polisi, akaacha picha ya mwanamke ameshika bango la kuwakejeli, sura haionekani, ila GPS ya picha ikaonyesha kitongoji cha Melbourne kule Australia, mpenzi wake anakaa Australia, FBI wakaunganisha na vingine walivyokuwa navyo wakambeba mwezi wa tatu. Na jeshi la Marekani lenyewe limesimulia kwamba 2007 Iraq zilifika helikopta mpya za Apache kambini, wanajeshi wakapiga picha wakarusha mtandaoni, wapiganaji wa upande wa pili wakatoa lokesheni kwenye picha, wakashambulia kwa makombora na helikopta 4 zikateketea.

Hao ni wa mbali. Ila kuna la karibu zaidi, faru. Afrika Kusini kuna hifadhi zimeweka vibao kabisa vya kuwaomba watalii wazime lokesheni kwenye kamera na wasiseme picha imepigiwa wapi, maana majangili hawana haja ya kuzunguka porini siku nzima kama mtalii ameshawawekea namba mtandaoni. Na sisi tuna faru Ngorongoro, tuna Mkomazi, Kenya kuna Ol Pejeta wale wawili wa mwisho wa weupe wa kaskazini wanaolindwa na walinzi wenye bunduki. Kama unapeleka wageni mbugani hili waambie kwenye gari kabla hamjaona mnyama, baada ya hapo hawakusikilizi.

Turudi mtaani. Mimi hainipi hofu sana picha moja. Inayonipa hofu ni mkusanyiko. Mtu anauza vitu mtandaoni, leo kauza TV, kesho friji, mwezi ujao sofa, wateja wote anawatumia picha kwa faili maana wanataka kuona mikwaruzo vizuri, na zote zimepigwa sehemu moja, nyingi usiku. Hapo mtu akikaa nazo anajua unapolala, anajua ndani kuna nini, na akiona za mchana anajua ofisi iko wapi na muda gani nyumbani hamna mtu. Au mama amehama mkoa mzima kumkimbia mume anayempiga, amebadilisha laini, amewaambia ndugu wawili tu, dada mtu anamtumia baba wa watoto picha za watoto "awaone tu jamani ni damu yake", kwa barua pepe, picha nzima nzima. Hapo huhitaji mdukuzi.

Sasa njia zipi zinavujisha na zipi hazivujishi, maana kwa kweli jambo lote liko hapa. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida ile kubana kwake kunatoa lokesheni, yaani tunalindwa bila kujua na kitu kile kile tunachokilalamikia kila siku. Ukituma kama dokyumenti hailindi. Telegram hivyo hivyo, kama picha inatoa, kama faili inaacha. Facebook na Instagram wanaoangalia ukurasa wako hawaioni, wanaitoa kabla ya kuonyesha, ila usisahau kwamba faili zima wao wenyewe wameshalipokea. Barua pepe haitoi chochote. Xender, bluetooth, flashi, AirDrop, zote zinahamisha faili kama lilivyo. Linki ya Google Drive nayo hivyo hivyo. Na tovuti ndogo ndogo za watu binafsi ndo usiseme, WordPress yenyewe, ule mfumo ambao wengi wanatengenezea tovuti, kwenye maandishi yake ya faragha ya mfano imeandika kwamba ukipakia picha zenye GPS wageni wa tovuti wanaweza kuzipakua na kuitoa lokesheni, tovuti kibao zimenakili maneno hayo na nina uhakika wenye tovuti wengi hawajawahi kuyasoma.

Kuna kundi lingine nataka nilisemee vizuri, ndugu zangu wa miradi. Wale wanaoenda vijijini na ile apu ya GPS Map Camera inayogonga ramani, latitudo, longitudo, jina la kijiji na saa chini ya picha. Najua mfadhili anataka, bila hivyo atasema kisima hakijachimbwa, na kwa kisima sina neno, kisima hakina mume wa zamani. Lakini nimeona picha za watu, binti aliyerudishwa shule baada ya kuzaa, mgonjwa anayefuatwa nyumbani, familia iliyopewa pesa za msaada, amesimamishwa mlangoni kwake na namba zimeandikwa pale chini kwa rangi nyeupe, halafu picha inarushwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia na zaidi. Hapo kubana kwa WhatsApp hakusaidii kitu, maana zile namba sio EXIF tena, ni sehemu ya picha, hata ukipiga skrinishoti zinakuja. Kisima kigongeeni muhuri mnavyotaka, mtu mpigeni bila muhuri na namba ziandikwe kwenye fomu inayobaki ofisini.

Sheria zipo, tusiseme hazipo. Kenya ile ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 imetaja lokesheni kwa jina kabisa kati ya vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na 2023 shule moja huko ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Tanzania tuna ya 2022 na Tume yake. Ila sheria inazibana taasisi, shangazi kwenye grupu la ukoo haitamfikia.

Kuzima ni rahisi. Android fungua kamera, ingia setingi za kamera yenyewe, tafuta palipoandikwa mambo ya lokesheni au mahali, zima. iPhone haiko kwenye kamera, nenda setingi za simu, faragha, huduma za lokesheni, tafuta Kamera, chagua isitumie kamwe. Hiyo ni ya picha zijazo, za zamani zimebaki nazo. Kwa iPhone unapotaka kushea juu pale kuna sehemu ya machaguo, unazima lokesheni kwa safari hiyo tu. Kwenye Windows bonyeza kulia kwenye picha, fungua sifa za faili, ukurasa wa maelezo, chini kabisa kuna linki ya kuondoa taarifa binafsi. Wenye picha nyingi tumieni ExifTool, ni programu ya kompyuta ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, unaandika exiftool -gps:all= halafu jina la faili, ila angalia inabakiza nakala ya zamani pembeni yenye neno original mwishoni, usije ukaituma hiyo. Skrinishoti nayo inafaa kama hujali ubora.

Mimi kwangu sijazima, niseme ukweli. Napenda kufungua ramani nikaona picha za Lushoto zimejipanga Lushoto na za Pangani ziko Pangani, na picha za marehemu bibi ziko juu ya kile kilima chake. Ninachofanya ni kuisafisha inapotoka kwenda kwa mtu.

Na msije mkadhani ukishafuta EXIF basi. 2018 waandishi wa BBC Africa Eye walipata video ya wanajeshi wakiua wanawake wawili na watoto wao, haina tarehe wala mahali, serikali ya Cameroon ikasema sio kwetu. Wakalinganisha mstari wa milima iliyokuwa nyuma na picha za setilaiti wakapapata, karibu na mji wa Zelevet, na vivuli vya watu vikawasaidia kujua ni majira gani. Pale ilikuwa kwa ajili ya haki na ninawavulia kofia. Ila mlima ulio nyuma ya nyumba yako nao unasomeka hivyo hivyo, na nguzo ya umeme yenye namba, na sare ya shule ya mtoto ndo kabisa.

Halafu kuna aliyeniuliza kama video ni salama. Video za simu nazo zinaandikwa lokesheni, iPhone na Android zote, na ile setingi ya kamera niliyoitaja juu ndo hiyo hiyo inayozima.