Siku moja maishani mwangu: seva ikifa, nataka maneno yake ya mwisho

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu inaita. Kijana wa zamu ya usiku. "Shikamoo kaka, samahani kukuamsha. Seva ya hifadhidata imeganda."

"Marahaba. Usiizime. Piga picha ya skrini kwanza, unitumie."

Nasisitiza hilo kila mara. Ukishazima, yote yaliyokuwa kwenye memori yamekwenda.

Picha inafika: memori imeisha. Lakini iliyoishiwa si kerneli (kiini cha mfumo) yetu ya kila siku, ni ile ya akiba. Programu ya kdump hutenga kipande cha memori na kuweka humo kerneli ndogo. Kubwa ikifa, ndogo huamka na kunakili memori ya marehemu kwenye diski. Tuliitengea MB 128 seva ikiwa mpya. Baadaye tukaongeza kadi za mtandao na za diski, na draiva zake (programu za kuziendesha) zinakula memori. Hatukurudi kujaribu. Kosa letu hilo, na linaniuma. Naruhusu seva iwashwe, huduma irudi.

Saa mbili asubuhi. Kama nilivyohofia, /var/crash, folda ya kuwekea nakala hiyo ya memori, ni tupu. Namshukuru Mungu tuliweka netconsole, inayorusha ujumbe wa kerneli kwa UDP hadi mashine nyingine kabla seva haijakata roho. Huko naukuta mstari huu:

`BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018`

Wengi hukimbilia neno panic, tangazo la kerneli kusimama, lililo mwishoni. Chanzo kiko juu, kwenye oops (ripoti ya hitilafu ya kerneli) ya kwanza. Zinazofuata mara nyingi ni matokeo yake. 18 ya heksadesimali (hesabu za msingi wa 16) ni 24: draiva ilishika pointa (anwani ya mahali kwenye memori) yenye sifuri, ikadhani kuna kitu pale, ikaenda kusoma baiti ya 24 yake. Mstari wa RIP, unaoonyesha kerneli ilikuwa wapi kwenye msimbo, unataja funksheni, kisha `+0x4c/0x120`, yaani tulikuwa baiti ya 76 ndani ya funksheni yenye baiti 288. Na kwenye Tainted, sehemu ya alama za onyo, kuna herufi O: moduli (kipande kinachopakiwa kwenye kerneli, hapa draiva hiyo) imetoka nje ya kerneli.

Saa nne. Naijenga upya moduli hiyo ikiwa na taarifa za kudibagi (kusaka hitilafu), nipate namba ya mstari. Naipa faddr2line, zana inayogeuza jina la funksheni na baiti kuwa namba ya mstari, inakataa: urefu wa funksheni haulingani na 288. Kumbe nimetumia toleo jingine la gcc, programu inayogeuza msimbo kuwa moduli. Napenda ukali wake huu, maana jibu la uongo lingenila wiki nzima. Narudia kwa gcc ileile, inalingana, na mstari unatokea: foleni inasomwa baada ya kadi kufungwa.

Saa nane. Chakula, kisha ripoti kwa watengenezaji wa draiva: oops nzima bila kukatwa, toleo la kerneli, namba ya mstari.

Saa tatu usiku. Muda wa matengenezo. Nimebadilisha memori ya kerneli ya akiba kuwa `crashkernel=512M`, seva imewashwa upya. Kijana ameingia zamu, namwachia kibodi.

"Kaka, niiue kweli?"

"Iue."

Anaandika amri ya kuiangusha kerneli makusudi, `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Skrini inakwenda giza. Kerneli ya akiba inaamka, asilimia zinapanda taratibu. Memori ni GB 64, faili linatoka na GB 1.3, kwa kuwa makedumpfile imeacha kurasa tupu, za akiba ya diski na za programu za kawaida. Analifungua kwa programu ya crash, anaandika `bt` kuona orodha ya funksheni zilizoitana hadi kifo, na katikati ya orodha anasoma kwa sauti: `sysrq_handle_crash`.