Tuktoyaktuk kwa Pikipiki: Hesabu za Petroli na Siku za Mvua

Kutoka Edmonton, mji wa Alberta nchini Kanada, hadi Tuktoyaktuk kwenye ufuo wa Bahari ya Aktiki ni kama kilomita 3,400. Zile 2,500 za mwanzo ni lami, na mwenye pikipiki nzima na kiuno kizima atazimaliza bila hadithi nyingi. Kilichotukesha mimi na swahiba wangu majira yote ya baridi, ramani imetandazwa juu ya meza ya jikoni kwangu, ni kipande kilichobaki: barabara ya Dempster, inayoanzia njia panda iliyo kilomita 40 hivi kutoka mji wa Dawson City huko Yukon, ikapanda kaskazini hadi mji wa Inuvik, na kutoka hapo kilomita 138 nyingine mpaka Bahari ya Aktiki. Karibu yote ni changarawe. Kabla ya Novemba 2017 hizo 138 za mwisho hazikuwapo kabisa. Wakati wa baridi magari yalipita juu ya barafu ya mto na ya bahari, na kiangazi uliingia Tuktoyaktuk kwa ndege au kwa boti.

Mimi ni mtu wa Tanga, swahiba wangu ni wa Mombasa, na sote tumezeekea Alberta ambako bahari hakuna. Nilipompigia mama simu kumweleza mpango, alinyamaza kidogo, akasema, "Bahari umeiacha hapa nyuma ya nyumba, mwanangu, sasa unakwenda kuifuata ile ya barafu?" Sikuwa na jibu la maana. Nikamwomba dua, akanipa, na akaongeza nichukue sweta.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua mwezi. Dempster inavuka mito miwili mikubwa isiyo na daraja, Peel na Mackenzie. Kiangazi kuna pantoni, tena za bure. Baridi ikikomaa, magari hupita juu ya mto wenyewe. Ila barafu inapoyeyuka, na tena inapoanza kushika, si pantoni si barafu, na njia inakatika kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida pantoni huanza kazi mwanzoni mwa Juni. Swahiba alitaka mwisho wa Agosti, mbu wakiwa wamepungua na vichaka vya milima ya Tombstone vimegeuka vyekundu. Mimi nilitaka jua lisilotua, ambalo Inuvik hulipata tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai. Tukakubaliana mwisho wa Juni, kwa sharti kwamba kofia zenye chandarua nanunua mimi.

Petroli ilikuwa hesabu rahisi lakini yenye kubana. Ukijaza Dawson, kituo kinachofuata cha uhakika ni Eagle Plains, kilomita 369 ndani ya Dempster, yaani zaidi ya 400 kutoka pampu uliyoiacha. Pikipiki zetu ni Kawasaki KLR650 za zamani, tangi la lita 23 hivi. Kwenye lami na mwendo wa adabu zinafika. Kwenye changarawe, upepo wa kichwa na mizigo pembeni, sithubutu kuapa. Kila mmoja akafunga dumu la lita tano nyuma, na nikapiga marufuku mazungumzo yoyote ya kuliacha ili kupata nafasi ya majiko na masufuria. Kutoka Eagle Plains hadi Fort McPherson ni kama kilomita 180, halafu Inuvik. Huko hesabu inapumua.

Matairi yalikula muda zaidi. Changarawe ya Dempster ina mawe bapa yenye makali, na kila aliyepita atakusimulia pancha zake kwa mapenzi. Tulivaa matairi ya meno, tukabeba tyubu za akiba, viraka, vyuma vya kubandulia na pampu ya mkono. Simu haishiki katika sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo tukakodi pia kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada. Jioni tulikuwa tukishuka gereji kujizoeza kutoa tairi la nyuma na kulirudisha, mama watoto akitupimia muda kwa simu na kutucheka. Fundi wa Tanga angelimaliza akiwa anakunywa kahawa.

Ubishi wa kweli ulikuwa kwenye ratiba. Swahiba wangu ni dereva wa malori, na dereva wa malori hupanga safari kwa kilomita: leo kadhaa, kesho kadhaa, keshokutwa ufukweni. Mimi nikawa naingiza siku tupu kati ya siku zake.

"Yakhe, hizi za bure wazitia za nini?"

"Za mvua."

"Na isiponyesha?"

"Tutalala."

Hakuridhika, lakini nilikuwa na sababu. Barabara ile imelazwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Ukiichimba au ukaiacha ipate joto, inayeyuka na barabara inazama. Ndiyo maana wajenzi walimwaga tuta nene la changarawe, mita 1.2 hadi 2.4, kazi yake kuihifadhi barafu iliyo chini. Juu ya tuta hunyunyizwa kloridi ya kalsiamu ili kutuliza vumbi na kushikamanisha kokoto. Ikiwa kavu, unapita vizuri kabisa. Ikinyesha, chumvi ile na udongo huwa utelezi mtupu, na pikipiki yenye mzigo haina ujanja juu yake. Gari litajikongoja. Wewe wa magurudumu mawili unasubiri, upende usipende. Kwa hiyo mtu anayepanga Dempster kwa pikipiki apange kwanza kusubiri kwake, ndipo apange kilomita.

Tulitoka siku ya Jumamosi alfajiri. Kuhusu lami nitasema jambo moja tu. Kutoka Dawson Creek, mji wa British Columbia usio na uhusiano na Dawson City, tulishika barabara ya Alaska, iliyokatwa na jeshi la Marekani mwaka 1942 kwa miezi minane hivi. Theluthi moja ya wanajeshi wale walikuwa Weusi, katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi, wengi wametoka kusini ambako theluji hawakuizoea, na mara nyingi walipewa vifaa hafifu kuliko wenzao. Oktoba 25 mwaka ule, pande mbili za ujenzi zilipokutana karibu na Beaver Creek, aliyekuwa kwenye tingatinga upande mmoja alikuwa Koplo Refines Sims, mtu Mweusi. Nilipita kwenye misitu isiyokwisha nikiwa na glavu zinazopashwa joto kwa umeme mikononi, nikawa nawafikiria wale vijana na majembe yao.

Dempster ilitupokea kwa ukavu. Tombstone tuliipita tukiwa tumesimama juu ya vikanyagio kwa saa nzima, milima ina ncha kama imechongwa, mabondeni hakuna nyumba wala waya wa umeme. Kuna mahali barabara inapanuka ghafla, na kibao kinakwambia hapa ndege hutua, usiegeshe. Petroli ilituchezea: kabla ya Eagle Plains pikipiki ya swahiba ilianza kukohoa, tukamimina dumu. Hakusema neno, nami sikusema.

Mvua ilianza usiku uleule, ikaendelea. Eagle Plains si mji. Ni hoteli moja juu ya kilima, pampu, karakana ya matairi na uwanja wa kupiga mahema. Siku zangu tupu zikaanza kulika hapo. Madereva wa malori walikuwa wakiingia magari yamepakwa tope mpaka madirishani, wanatuangalia, wanatikisa kichwa. Swahiba alipata wenzake wa kazi, akakaa nao juu ya kahawa akipiga soga za breki na miteremko, na kufikia jioni alikuwa ndiye mtetezi mkubwa wa kusubiri.

Hapo ndipo nilipokaa na habari ya msafara uliopotea, ambayo ndiyo iliyoipa barabara jina. Desemba 1910 Inspekta Francis Fitzgerald wa kikosi cha polisi wa Kanada kilichoitwa cha wapanda farasi alitoka Fort McPherson na wenzake watatu kwa sledi, gari la theluji lisilo na magurudumu, zikivutwa na mbwa, kwenda Dawson. Alitaka kuvunja rekodi ya mwendo, kwa hiyo alibeba chakula pungufu, na njiani akamruhusu mwongozaji wa Kigwich'in, wenyeji wa asili wa huko, arudi zake. Wakaikosa njia ya kuvuka milima. Walipogeuka ilikuwa wamechelewa. Walikula mbwa wao mmoja baada ya mwingine, na wote wanne wakafa, wa mwisho wakiwa umbali mfupi tu kutoka walikoanzia. Machi 1911 Koplo William Dempster alizikuta maiti. Barabara iliyofunguliwa mwaka 1979 ikapewa jina la huyu aliyewatafuta. Nilimsomea swahiba. Akauliza, "Yule mwongozaji, alirudishwa kwa nini?" Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mimi.

Njia ilipokauka tukavuka mstari wa Duara la Aktiki, kwenye kilomita ya 405 ya Dempster, tukapanda hadi mpaka wa Northwest Territories huku upepo ukitusukuma kama mlevi anayetaka ugomvi, tukateremka kwenye pantoni ya Peel. Pale tulisubiri tena kidogo, na baadaye Mackenzie, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Mbu walikuwa kama walivyoahidiwa. Zile kofia zangu zilisifiwa, ingawa si kwa maneno.

Inuvik nilikuwa na haja yangu binafsi, msikiti. Ni jengo dogo la rangi ya mchanga, lililojengwa Winnipeg na mwaka 2010 likasafirishwa kama kilomita 4,000, kwanza juu ya lori, halafu juu ya tishari likiteremka mto Mackenzie. Waumini wengi ni watu wenye asili ya Sudani, Misri na Lebanon waliofuata kazi huko. Jua halizami, basi Magharibi utaijuaje? Niliyemuuliza alicheka akaniambia wao hufuata saa za Edmonton. Nimetoka Edmonton, nimekwenda maelfu ya kilomita, na ratiba yangu ya swala ipo palepale ukutani! Sisi wasafiri tulikusuru, yaani tulifupisha swala, tukaalikwa chakula, tukalala na mapazia meusi.

Kipande cha mwisho kiligharimu kama dola milioni 300 za Kanada, na sehemu kubwa kilijengwa wakati wa baridi, kokoto zikimwagwa juu ya kitambaa maalumu ili ardhi isiguswe. Miti inakwisha, yanabaki maziwa na anga. Karibu na mji vinasimama vilima vya ajabu viitwavyo pingo, moyo wao ni barafu tupu iliyosukuma udongo juu. Mkubwa wao, Ibyuk, una mita 49, na katika nchi tambarare kama ile unauona kutoka mbali sana.

Tuktoyaktuk ni mji wa Wainuvialuit, wenyeji wa asili wa pwani ile, wasiofika elfu moja. Bahari inaula ufuo wake, na nyumba kadhaa zilizokuwa ukingoni zimekwisha kuhamishwa bara. Kwenye kibao cha Bahari ya Aktiki kulikuwa na foleni ya watu wa picha. Tulivua viatu tukaingia hadi magotini. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa akitengeneza injini ya boti alituuliza kwetu ni wapi, tukamwambia pwani ya Afrika Mashariki. Akataka kujua tunavua samaki gani. Swahiba akaanza na changu, akaingia kwenye nguru, akaonyesha kwa mikono urefu ambao mimi sijawahi kuuona Mombasa wala Tanga, na mzee naye akaonyesha nyangumi wake weupe, na waliendelea hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Mvua ilitukuta tena tukirudi, siku tupu nyingine ikaenda. Dawson City tulitafuta mahali pa kuoshea magari kwa sarafu, kwa sababu kloridi ile ikikauka kwenye rejeta hugeuka saruji na injini inachemka. Sarafu zetu zikaisha rejeta ya swahiba ikiwa bado nusu, akaingia dukani kuchenji.