Nilivyoipita Sura ya Pili ya MBA nikiwa kazini Dodoma

Mimi nasoma MBA jioni, mchana niko kazini hapa mjini. Utafiti wangu ni wa wakulima wa zabibu wanaoingia mkataba na mnunuzi, halafu mavuno yakifika wanamuuzia mwingine. Sura ya Pili, ile ya kupitia tafiti za wengine, ilirudi mara mbili, mara ya pili supavaiza kaandika pembeni kwa wino mwekundu "makala ziko wapi?", na kweli nlikua nimejaza vitu vya kuokoteza mtandaoni, maana makala zenyewe nikifungua naambiwa nilipe zaidi ya dola 30 kwa moja, wakati bando tu nanunua la wiki.

Aliyenitoa pale ni dada mmoja mkutubi. Nikamwonesha ninavyotafuta, nlikua nabandika kichwa chote cha utafiti kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za wasomi, mstari mzima mpaka jina la mkoa. Akaniuliza, "Kaka, hii ya mkulima kuuza pembeni, wasomi wenyewe wanaiitaje?" Sikua na jibu. Akaandika side selling ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitengane, akaongeza contract farming (kilimo cha mkataba), Dodoma akaitoa. Zikaanza kuja, kahawa ya Rwanda, pamba ya Zambia, tatizo lilelile la wakulima wangu wa Hombolo ila zao tofauti. Hilo swali lake nalithamini mpaka leo.

Za kulipia nazo zina njia. Chini ya makala nyingi Scholar inaonesha matoleo mengine, mara nyingi nakala ya bure aliyoiweka mwandishi unaikuta humo. Kuna Research4Life, mpango wa kufungulia vyuo makala za kulipia, vyuo vya Tanzania vinaingia bila kulipa, omba neno la siri maktaba kwenu. Majarida ya Afrika nlipata mengi kwenye tovuti ya AJOL. Na ukishapata makala moja nzuri bonyeza palipoandikwa Cited by, yaani walioinukuu, unaletewa zilizokuja baada yake, ukitaka za nyuma shuka kwenye marejeo. Mimi marejeo ndo yalinifikisha kwenye makala ya mchumi Coase ya 1937, jina lilikua linajirudia kila nikigeuka, nikaisoma yenyewe, kurasa 20 tu, na gharama za miamala, yaani za kutafuta bei, kupatana na kuandikiana mkataba, nikazielewa kuliko kwenye noti zote za darasani.

Kusoma sasa. Nlikua naanza mstari wa kwanza, ukurasa wa nne usingizi. Siku hizi nasoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, naruka mpaka hitimisho, nikiona inanihusu narudi kwenye mbinu: walihoji wakulima wangapi, waliwapataje. Jedwali la matokeo nlikua naliogopa sana, vile vinyota pembeni ya namba. Kumbe maana yake imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali, na inabadilika kati ya jarida na jarida, kwahiyo soma pale kwanza usikariri. Halafu angalia alama ya kutoa, maana ndo inasema kitu kinapunguza au kinaongeza.

Nina kaunta buku nimeichora safu tano: nani na mwaka, wapi, swali, mbinu, alichokipata. Kila makala mstari mmoja, kwa maneno yangu, usiku huohuo kabla sijalala. Zilipofika makala 30 na kitu nikasoma safu ya mwisho kutoka juu mpaka chini, malipo kuchelewa, kama sababu ya mkulima kuuza pembeni, limejirudia karibu kila ukurasa, kuliko hata bei niliyokua naiwazia mimi. Nimelihamishia kwenye dodoso, swali la 6, wiki ijayo naenda nalo Hombolo.